Simu kwa Mtoto Asiyesikia

Simu ya kwanza nyumbani kwetu Makambako ilikuwa ya mume wangu, na kwa miezi mingi hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Akirudi safari aliiweka mezani juu ya kitambaa nilichokifuma mwenyewe, na sisi tukakaa mbali nayo kidogo. Miaka ile malori ya watu binafsi yalikuwa yameshajaa barabarani. Kila mwenye gari alijitafutia mzigo, na mwenye simu aliupata kabla ya asiye nayo. Mume wangu alipakia mbao Njombe akazipeleka Dar es Salaam, na kurudi alibeba chochote alichopata.

Aliyekuwa wa kwanza kuitambua ile simu ikiita hakuwa yeye, wala binti yetu mkubwa, wala mimi. Alikuwa binti yetu wa pili, ambaye hasikii. Mume wangu alikuwa ameitoa mlio ili alale, ikawa inatetemeka tu. Mtoto alikuwa ameegemea meza anachora. Akainua kichwa, akaweka kiganja juu ya meza, kisha akaenda kumtikisa baba yake begani. Baba akaamka, akaongea na mtu wake wa mbao, na alipomaliza akaniambia kwamba kumbe huyu mtoto ana akili. Nilimwambia ana akili tangu siku aliyozaliwa.

Nilimzaa akiwa anasikia vizuri. Alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa ya uti wa mgongo, tukalala naye hospitali majuma matatu. Alipona, akarudi nyumbani anatembea, anacheka, anakula. Siku ya pili nilimwita kutoka jikoni hakuja. Nikamwita tena. Nikatoka nikamkuta amechuchumaa uani ananipa mgongo, anacheza na vifuniko vya chupa. Nikagonga sufuria nyuma yake kwa mwiko. Hakugeuka. Nilisimama pale na mwiko wangu muda mrefu sana.

Alipofika umri wa kusoma tulimpeleka Njombe, kwenye shule ya bweni ya watoto viziwi. Kila likizo alirudi na alama mpya za lugha ya viziwi mikononi, na mimi nilijifunza kwake. Alama za chakula, za nguo, za mvua, za hasira, za jana na kesho. Dada yake alijifunza haraka kuliko mimi, akawa ndiye mkalimani wa nyumba. Mume wangu alijua alama tatu: njoo, kula, lala. Simlaumu peke yake. Alikuwa mtu wa safari, na akiwa nyumbani alimpenda mtoto kwa kumletea vitu. Alimletea viatu, alimletea machungwa ya Muheza, alimletea mwavuli wenye maua. Mazungumzo hayakuwepo.

Jambo lililonifanya nianze kuwaza simu lilitokea mwisho wa muhula wa kwanza wa mwaka aliotimiza miaka kumi na miwili. Shule ilikuwa imebadilisha tarehe ya kufunga, na barua ya kutuarifu ilichelewa njiani. Ilipotufikia, mume wangu alikuwa amekwama na lori bovu mlima Kitonga, na mimi nilikuwa Lupembe kwa wazazi wangu, nimekwenda kumuuguza mama. Wenzake shuleni wote walichukuliwa. Yeye alibaki na matroni siku mbili. Matroni alimlisha, alimpa blanketi la ziada, alijitahidi. Lakini mtoto alikaa mlangoni juu ya sanduku lake la bati tangu asubuhi hadi giza linaingia, siku zote mbili, na baridi ya Njombe mnaijua. Baba yake alipotokea getini, hakumkimbilia. Alisubiri amfikie, kisha akampiga ngumi kifuani, moja baada ya nyingine, huku analia bila sauti. Mume wangu alinieleza hayo akiwa ameinamisha kichwa. Alisema hakujua afanye nini, kwa hiyo alibeba sanduku.

Likizo hiyohiyo nilimwambia mume wangu kwamba mtoto anunuliwe simu.

Alidhani natania. Alipoona sicheki, aliweka kikombe chini. "Mama watoto," alisema, "simu ni ya kusikilizia. Ungesema tumnunulie redio ningekuona una nafuu."

Nilimweleza juu ya ujumbe wa maandishi. Aliujua, wateja wake walimwandikia bei na mahali pa kupakia. Lakini alisema yule ni mtoto wa miaka kumi na miwili, hata kama angekuwa anasikia asingempa. Simu itaibwa. Watu wabaya watamwandikia. Ataandika upuuzi. Halafu akauliza: hivi Kiswahili chake kinasomeka?

Binti yetu mkubwa alikuwa kidato cha pili, na alikuwa amesimama mlangoni anatusikiliza. Yeye aliomba simu tangu mwaka uliopita, akakataliwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi ndiye mwenye masikio, na mimi ndiye nisiyenunuliwa," akaondoka. Siku tatu hakutafsiri neno hata moja nyumbani. Nilimwacha. Alikuwa na haki yake ya kuudhika, na mimi sikuwa nimejipanga kumweleza kwa nini mdogo atangulie.

Swali la mume wangu lilinisumbua kwa sababu lilikuwa la kweli. Mtoto asiyesikia hajifunzi Kiswahili kwa kukisikia jikoni na njiani. Anakutana nacho ubaoni, na alama zake zina mpangilio wake. Barua zake kutoka shule nilizielewa mimi kwa sababu nilikuwa mama yake. Mtu mwingine angeona maneno yamemwagwa kama maharage.

Nilipompeleka shule kuanza muhula nilimtafuta mwalimu wake wa darasa, mwanamke mpole wa Makete, nikamuuliza ni lini mtoto kama huyu huwa tayari kwa simu. Nilitegemea aniambie umri. Hakunitajia umri. Aliniuliza kama mtoto hutunza vitu vyake. Nikasema mwavuli wenye maua anao mwaka wa tatu. Akaniuliza kama husema ukweli akikosea. Nikafikiri, nikasema ndiyo, mara nyingi. Akasema, "Basi kilichobaki ni kimoja, mama. Siku mtu asiyemjua atakaposoma alichoandika na kuelewa bila kuuliza, mpe. Kabla ya hapo simu itamtia uchungu tu, maana atawaandikia watu na hawatamjibu."

Akaahidi kwamba ikifika siku hiyo simu itafungiwa ofisini, naye atapewa Jumapili mchana na siku za safari.

Nilirudi Makambako na maneno hayo, na likizo ya Desemba ilipofika nilikuwa na mpango. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kilikuwa hatua chache kutoka stendi, na vifaa vyangu vyote nilinunua kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja aliyehamia kutoka Kondoa miaka mingi nyuma. Alikuwa amewahi kufundisha watoto madrasa, na ilionekana: hakuwa na haraka. Nilimwendea kwanza mwenyewe. Nikamwamkia, nikamwomba kitu ambacho sikujua atakionaje. Nilimwambia kila siku nitamtuma mtoto dukani kwake na karatasi aliyoiandika mwenyewe, mimi sitaisahihisha. Asimhurumie. Akielewa ampe, asipoelewa amrudishe.

"Nisimrudishe mikono mitupu," alisema mzee. "Nisipoelewa nitamwandikia, naye aniandikie."

Siku ya kwanza mtoto alirudi na zipu nyeupe fupi badala ya nyekundu ndefu. Nilimwonyesha suruali ya mteja. Aliitazama zipu, akaitazama suruali, akakunja uso, akarudi mbio. Mara ya pili alirudi na nyekundu, lakini fupi. Mara ya tatu ndiyo ikawa yenyewe. Jioni mzee alipita kibandani akifunga duka, akanionyesha karatasi zote tatu, amezitunza mfukoni mwa koti. Alisema mtoto mwenye hasira kama ile na zipu atajifunza.

Siku moja nilinunua kitambaa cha bitana ambacho rangi yake haikunipendeza. Nikamweleza mtoto kwa alama aende akakibadilishe. Aliandika: *Kitambaa jana mama hataki badili.* Mzee akamwandikia chini yake: *Jana mama hakutaka kitambaa, au leo hakitaki kitambaa alichonunua jana?* Mtoto alisimama na penseli mdomoni. Wateja wawili walikuja wakaondoka. Hatimaye akaandika: *Leo mama hakitaki kitambaa alichonunua jana. Anaomba ubadili.* Mzee alikunja kitambaa kile, akampa kingine, akanitumia ile karatasi kwa mkono wa mtoto huyohuyo. Niliisoma nikiwa kwenye cherehani. Nilimkuta yeye mwenyewe anauangalia uso wangu kuona kama nimeelewa. Nilimwonyesha alama ya vizuri, mara mbili, kwa mikono yote miwili.

Ilikwenda hivyo mwezi mzima. Nilimtuma na kwa watu wengine: duka la dawa, mama wa maandazi, fundi viatu. Fundi viatu hakujua kusoma, akacheka, wakaelewana kwa kuoneshana soli. Mama wa maandazi mwanzoni alikasirika akidhani karatasi ni dharau, mpaka nilipokwenda kumwambia. Baadaye akawa anamwonyesha alama yake mwenyewe aliyoitunga, ya maandazi ya moto. Dada yake, ambaye alikuwa bado amenuna, alianza kutazama zile karatasi jioni. Siku moja nilimkuta amekaa naye uani, anamweleza kwa alama tofauti ya *alinipa* na *nilimpa*. Nilirudi ndani polepole nisije nikawaharibia.

Juma la mwisho la likizo, bila mimi kumtuma, mtoto alikwenda dukani kwa mzee na karatasi yake mwenyewe. Aliandika kwamba anaomba kutuma ujumbe kwa baba yake, na namba aliinakili kutoka kwenye mlango wa lori. Mzee alikuwa na simu na aliuza vocha. Alimpa simu, akamwonyesha jinsi ya kubonyeza herufi, akamwachia kiti.

Mume wangu wakati huo alikuwa kwenye foleni ya mizani, malori mengi mbele yake, hana la kufanya. Yaliyotokea nayajua kwa sababu alinisomea baadaye, na kwa sababu mzee naye alinisimulia upande wake.

Ujumbe wa kwanza ulisema: *Baba mimi mtoto wako wa pili. Umekula?*

Mume wangu alidhani ni mkubwa anamchezea. Akajibu: *Acha utani. Namba ya nani hii?*

*Si utani. Simu ya mzee wa vitambaa. Mimi nimeandika mwenyewe.*

Aliniambia kwamba hapo alishuka kwenye lori, akasimama kando ya barabara na simu mkononi, watu wakipita. Hakuamini. Akatafuta swali ambalo mkubwa asingeweza kulijibu, maana kisa chenyewe alinisimulia mimi peke yangu. Akaandika: *Kama ni wewe, nilipokuja kukuchukua shuleni ile siku ulinifanya nini?*

Jibu lilichukua muda. Mzee anasema mtoto alifuta mara nyingi.

*Nilikupiga kifuani. Nilidhani mmeniacha.*

*Hatukukuacha. Gari liliharibika Kitonga.*

*Mama aliniambia. Wewe hukuniambia.*

Mume wangu aliandika: *Sikujua namna ya kukuambia.*

Na yeye akamjibu: *Jifunze alama.*

Waliendelea mpaka vocha ya mzee ikaisha. Alimuuliza baba yake Dar es Salaam kuna joto kiasi gani, na kama kweli bahari haina upande wa pili. Alimwambia kwamba hapendi samaki wakavu anaoletewa, ila alikula kwa sababu hakujua jinsi ya kumwambia. Mume wangu alikuwa amemletea samaki wale miaka minne.

Aliporudi kutoka safari ile hakufika kwanza nyumbani. Alisimamisha lori stendi, akaja kibandani kwangu akakaa kwenye kibao cha wateja, akanisomea ujumbe mmoja baada ya mwingine, na majibu yake aliyataja kwa kichwa. Alipofika kwenye *jifunze alama* alijifuta uso kwa kofia. Kisha akasema, "Nimeongea na mwanangu. Ana miaka kumi na miwili, na jana ndiyo nimeongea naye."

Usiku huo baada ya kula alimwita mtoto, akamwonyesha mikono yake mitupu, akaelekeza kidole kwenye taa. Alitaka alama ya taa. Akaelekeza kwenye mlango, akaelekeza kwenye sahani, akaelekeza kwangu. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimezoea usukani, na alama ya mama aliikosea ikawa alama ya kitu kingine ambacho sitakitaja. Mabinti wote wawili walianguka chini kwa kucheka. Hapo ndipo mkubwa alipoacha kununa.

Simu mbili zilikuja siku chache baadaye, kabla ya shule kufunguliwa, moja yangu na moja ya mtoto, zote zimetumika kidogo, yake ina namba zilizofutika kwenye vitufe. Binti mkubwa tulimwita tukazungumza naye kabla ya kumkabidhi mdogo wake. Nilimwambia kwamba yeye akiwa na shida popote anaweza kupaza sauti, anaweza kumwomba mtu yeyote ampigie simu, na mdogo wake hawezi. Baba yake akaongeza kwamba ya kwake atanunuliwa akimaliza kidato cha nne. Alisema ameelewa, lakini haimaanishi amefurahi. Nilimpenda sana kwa jibu hilo.

Masharti tulimwekea mtoto: namba asiyoijua asiijibu mpaka aniulize, simu asimwazime mtu bila sababu, na shuleni atii utaratibu wa mwalimu. Naye akaandika lake kwenye karatasi akatupa: *Mtu asisome meseji zangu bila kuniomba.* Baba yake aliisoma, akanitazama, akasaini chini yake kama hati ya mzigo.

Mwezi wa sita ulipofika, mtoto aliniandikia Jumapili moja kwamba siku ya kufunga hataki kufuatwa. Atapanda basi mwenyewe kutoka Njombe. Wenzake wawili wakubwa wanafanya hivyo. Mwalimu alikubali iwapo sisi tunakubali. Nilikaa na ujumbe ule siku mbili. Mume wangu, ambaye zamani alikuwa mtu wa kukataa, ndiye aliyesema tumwache aje. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa. Tulikubaliana kwamba mwalimu ampandishe, amkabidhi kwa kondakta, na mimi nimpokee stendi.

Siku yenyewe aliniandikia saa tatu asubuhi: *Nimepanda. Kiti cha dirisha.* Nikaacha kushona. Safari haikuzidi saa moja na nusu kwa mabasi ya wakati ule. Saa tano ikafika, basi halijafika. Nikaandika, hakujibu. Saa tano na nusu nikaenda stendi kuuliza, wakasema huenda kuna ukungu. Mume wangu alikuwa Iringa, nikampigia, akasema nisubiri.

Karibu saa sita simu yangu ikalia. *Mama nipo salama. Basi limekufa katikati ya misitu. Chini hakuna mtandao. Nimepanda kilimani. Usije.*

Nilikaa chini palepale kwenye magunia ya viazi ya mtu. Kabla sijajibu, ukaingia mwingine: *Watu hapa hawana simu. Nawaandikia.*

Sikuelewa maana yake mpaka alipofika. Abiria walikuwa zaidi ya ishirini, na siku zile simu hazikuwa kila mfukoni. Wawili walikuwa nazo, lakini za mtandao usioshika pale. Kondakta alikuwa ameondoka kwa miguu kutafuta gari jingine. Mtoto aliona ya kwake haina mistari ya mtandao, akatembea nayo mkono juu hadi kwenye mwinuko juu ya barabara, kati ya miti ya misindano, mistari ikapanda. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alimfuata akidhani amepotea. Akamkuta anaandika. Yule mama alianza kumsemesha, naye akaelekeza kidole sikioni, akatikisa kichwa, akatoa daftari na penseli kwenye mkoba wake. Aliandika: *Mimi sisikii. Unataka kumwambia nani? Andika namba na maneno.*

Yule mama aliandika. Mume wake alikuwa anamsubiri Makambako wapande treni ya mchana, na mama alikuwa na namba ya kaka wa mumewe, waliyekuwa pamoja, kwenye kipande cha karatasi. Ujumbe ulikwenda. Jibu likarudi baada ya dakika chache: *Nipo stesheni nasubiri, usiogope.* Mama yule alipiga kelele za furaha ambazo abiria wote walizisikia chini, isipokuwa aliyezisababisha. Wakaanza kupanda kilima. Mwenye mgonjwa, mwenye mzigo wa parachichi, mwalimu aliyechelewa kikao, bibi mmoja aliyejua Kibena tu, ambaye kijana alimwandikia. Walipanga mstari kwenye nyasi zilizolowa ukungu, kila mmoja akichukua daftari, na mtoto wangu akanakili maneno yao kwenye simu yenye vitufe vilivyofutika. Asiyejua kuandika aliandikiwa na mwenzake. Kama maneno hayakueleweka, mtoto aliweka alama ya kuuliza pembeni na kumrudishia mwenyewe. Aliniambia baadaye kwamba mwalimu aliyechelewa kikao alirudishiwa mara mbili. Vocha ilipokwisha, mtu mmoja alikuwa na nyingine mfukoni, aliyowanunulia watu wa nyumbani, akaikwangua akampa.

Gari la kuwachukua lilifika saa nane kasoro. Kabla halijaondoka, mtoto alitaka kuniandikia tena, na dereva akazima injini akamngoja.

Nilikuwa stendi tangu saa tano na nusu, na sikuwa peke yangu. Watu waliotumiwa ujumbe walikuwa wamefika kusubiri ndugu zao, wakiulizana hii namba ni ya nani. Mzee wa vitambaa alikuwa amefunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya ila kwa swala. Nilisema namba ni ya binti yangu. Mwanamume mmoja aliyetoka stesheni ya treni alinishika mkono akasema nina binti mwenye busara, anaandika kwa kifupi na anaeleweka. Nikamwambia hasikii. Alinitazama kama sijasema kitu chenye maana, akauliza, "Kwani ilihitajika asikie?"

Gari lilipofika, mtoto wangu alishuka wa tatu. Alikuwa na matope mpaka magotini, mwavuli kwapani, daftari mkononi. Abiria walishuka nyuma yake, na yule mama mwenye mtoto mchanga alimgusa bega, akagusa kidevu chake kwa ncha za vidole, akaushusha mkono mbele. Ndiyo alama ya asante. Alikuwa amewafundisha kule kilimani. Wengine wakafanya hivyohivyo, wanaume wazima na mizigo yao begani, wengine wakikosea, na bibi yule wa Kibena aliifanya kwa mikono yote miwili. Mtoto wangu alimjibu kila mmoja. Alikuwa amesimama wima, hana haraka, kama mtu anayeaga wageni wake mlangoni.

Kisha akanigeukia mimi akaniambia kwa alama kwamba ana njaa, na kwamba chaji imeisha.

Tulipita kwa mama wa maandazi. Jioni baba yake alifika kutoka Iringa, ameendesha kwa kasi ambayo hakutaka kuisema. Alimkuta uani anafua viatu. Alichuchumaa mbele yake, akakunja mikono, akaikunjua, akamuuliza kwa alama, taratibu, sentensi nzima bila kukosea: Ulikuwa peke yako, uliogopa?

Mtoto alifikiri. Akamjibu kwamba aliogopa kabla ya kupanda kilima. Baada ya hapo alikuwa na kazi.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba, alikwenda Njombe mwenyewe, kutoka nyumbani hadi getini. Nilimsindikiza hadi kwenye kona ya kibanda changu tu. Aliniandikia alipofika, nikasoma, nikairudisha simu mfukoni mwa aproni, nikamalizia kola ya shati niliyokuwa nimeishika.